Wivu Si Kipimo cha Mapenzi

Swali ni lilelile, mwandishi tu ndiye anayebadilika: “Mpenzi wangu ana wivu sana kwa sababu ananipenda mno. Nifanyeje aniamini?” Wanauliza mabinti wa kidato cha tatu, wanauliza wavulana wa vyuo, na sasa hata mama mmoja ameniuliza kwa niaba ya mwanawe. Sitalijibu tena kama lilivyo. Anayeuliza hivyo ameshakubali kwamba tatizo ni yeye.

Hakuna mapenzi bila wivu, mnasema. Haya. Kuona wivu ni jambo la kila binadamu, sina ugomvi nalo. Lakini watafiti wa afya na idadi ya watu wanapopiga hodi kwenye nyumba za Tanzania na Kenya, huwauliza wanawake kuanzia miaka 15: mwenzi wako hukasirika ukiongea na wanaume wengine? Hukushutumu mara kwa mara kwamba si mwaminifu? Hukuzuia kuonana na mashoga zako? Hung’ang’ania kujua uko wapi saa zote? Majibu yao huchapishwa kwenye sura ya ukatili. Na wanaojibu ndiyo kwa mengi kati ya hayo ndio pia wanaoripoti zaidi kupigwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu msichana mmoja kati ya wanne wenye miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mwenzi amepigwa au kulazimishwa ngono na mwenzi huyo.

Sasa ile dawa mnayopeana vibarazani: mpe paswedi yako atulie, kama huna cha kuficha unaogopa nini? Dawa hii haijawahi kumtuliza mtu. Simu haina uwezo wa kuthibitisha kitu ambacho hakipo. Akikuta meseji ya mwanafunzi mwenzako kuhusu hesabu za logi, umepatikana. Asipokuta kitu, umefuta. Hofu yake inapoa jioni moja, naye amejifunza kwamba akikubana unatoa. Basi atataka lokesheni, kisha video kol aone umekaa na nani, kisha atawajibu watu kwa jina lako. Kundi la kujisomea utaliacha mwenyewe ili kuepusha maneno. Siku anapoinua mkono, uliokuwa ukiwaambia mambo yako umeshagombana nao kwa ajili yake.

Na ninyi mnaoweka picha na binamu zenu ili mpenzi aone wivu, eti mnampima: mnapima nini hasa?

Ukitaka kipimo, mkatalie jambo dogo. Mwambie Jumamosi unakwenda kwa shangazi na simu utaizima. Anayekuheshimu atanuna, labda atalalamika, na Jumapili mtaongea. Mwingine atapiga mpaka chaji iishe, atakutukana, atasema atajiua, atatishia kusambaza picha zako. Jibu umelipata. (Kama ameshakupiga, usimpime chochote. Huna haja.) Na ukijisoma humu wewe ndiye unayekagua, uwe mvulana au msichana, mtafute mshauri wa shule kabla hujamuumiza mtu.

Ya kufanya, haraka haraka, maana nafasi imeniishia. Badili paswedi zote, zima lokesheni. Vitisho usivifute, piga skrinshoti umtumie mtu mzima unayemwamini. Ukimwacha, mwache kwa simu au mbele za watu, si chumbani kwake. Akisema atajiua, waambie ndugu zake papo hapo. Kumlinda si sababu ya kubaki naye. Kusambaza picha za utupu ni kosa: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018. Namba ya msaada 116 ni ya bure kwa watoto katika nchi zote mbili. Kenya kuna pia 1195, na Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ukilazimishwa ngono, wahi hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Wazazi, msimnyang’anye binti simu wala msianze na viboko. Anayeogopa adhabu yenu atawaficha mpenzi, na alama za kipigo atazifunika kwa sweta.