Kibakuli cha Mtu Mmoja

Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi habari ya chombo kidogo sana. Kikiwa kabatini hakimshangazi mtu. Lakini kikiwekwa mezani, chaweza kumponya aliye dhaifu asilale na njaa kati ya ndugu zake walioshiba. Chombo hicho ni kibakuli cha kuokea, chenye ukubwa wa kukaa katika kiganja cha mkono, na chakula chake chamtosha mtu mmoja tu.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Jioni moja nilikuwa mgeni katika nyumba ya mwalimu mmoja. Sinia ya wali na kunde ikawekwa kati, tukanawa mikono, tukamshukuru Mungu, tukaanza kula. Watoto walikuwa 5. Wanne walikuwa na mikono myepesi. Wa tano, mwenye umri wa miaka 3, alikuwa ametoka katika homa juma lile lile. Alimega tonge moja akalitafuna polepole, akamega la pili, na alipotaka la tatu sinia ilikuwa tupu. Hakulia. Alilamba vidole vyake, akaenda kulala. Wala hapakuwa na mtu mbaya pale. Wenziwe walikula kama watoto walavyo, na mama yake alidhani amekula, maana alimwona ameketi pamoja nao.

Basi sinia ina wema mwingi: yatukusanya, yatufundisha kungojana, na mgeni hapati haya. Illakini ina kasoro moja, nayo ni kwamba haimwonyeshi mama fungu la kila mmoja. Ndiyo sababu leo katika kliniki za watoto akina mama hufundishwa kumpakulia mtoto mdogo katika chombo chake mwenyewe. Chakula kikibaki, mama akione. Kikiisha, ajue kimeingia tumboni mwa nani.

Mama wa nyumba ile alipofahamu jambo hili, alitafuta vibakuli vidogo vya udongo, akaanza kuokea kastadi. Siku ya kwanza mkwewe, mzee wa siku nyingi, hakupendezwa.

"Mwanangu," akasema, "siku hizi kila mtu na chungu chake? Leo kibakuli, kesho mtoto atajifungia chumbani ale peke yake."

"La, baba," akajibu yule mama kwa adabu. "Sinia ipo pale pale, nasi sote tutaketi pamoja. Huyu mdogo nimempikia laini kwa sababu hana nguvu bado. Na hiki cha pili ni chako, baba, maana nimeona juzi nyama ilikushinda kutafuna."

Mzee akakitazama kibakuli, akaonja kijiko kimoja, kisha cha pili, mpaka kikaisha. Akapangusa midomo, akasema, "Basi kesho usinisahau."

Hapo nikaelewa ya kuwa kibakuli kidogo si chombo cha uchoyo. Mchoyo hujitengea mwenyewe; mama huyu aliwatengea wasioweza kushindana.

Mapishi ya namna hii yajulikana sana katika nchi ya Ufaransa, na kibakuli chenyewe huko huitwa ramequin. Hapo kale neno hilo lilikuwa jina la chakula kilichookwa kwa jibini. Baadaye likahamia kwenye chombo. Mwaka 1691 mpishi Mfaransa, François Massialot, alipiga chapa kitabu kilichoeleza kastadi iliyounguzwa juu, ambayo hata leo huletwa mezani katika vyombo vidogo, kila mlaji chake. Wala jambo hili si geni kwetu. Tazameni chuma cha vitumbua katika miji ya pwani: kila kitumbua kina tundu lake, nacho huiva kwa kipimo chake.

Yafaa pia kujua kwa nini kibakuli kidogo hupika vizuri. Kastadi ikiokwa katika bakuli kubwa, moto huanzia pembeni, na kabla haujafika katikati, pembeni pamekwisha kukauka. Katika kibakuli kidogo safari ya moto ni fupi, hivyo chakula huiva sawasawa na kuni au makaa hayaliwi bure. Tena, mchanganyiko wa mayai na maziwa huanza kushikana kabla maji hayajachemka, kama kwenye digrii 80. Ukizidi moto, yai hujikaza, hutoa maji yake, na kastadi hujaa matundu kama sifongo. Kwa hiyo wapishi huvitia vibakuli ndani ya chombo chenye maji. Maji hayapiti digrii 100, nayo hukinga chakula na ukali wa moto.

Sasa nitaeleza kastadi yenyewe, ya vibakuli 5. Twaeni nusu lita ya maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, mayai 3, sukari vijiko 3 vya mezani, na iliki kidogo iliyotwangwa, au kungumanga. Pasheni maziwa moto yawe ya uvuguvugu, yasichemke. Koroga mayai na sukari taratibu, pasipo kuyapiga mpaka yatoe povu, maana povu huacha matundu. Mimineni maziwa juu ya mayai kidogo kidogo huku mkikoroga, kisha chujeni. Pakeni vibakuli siagi au samli, mtie mchanganyiko, msivijaze mpaka ukingoni.

Mwenye tanuri la gesi au la umeme avipange katika sinia yenye kina, atie maji ya moto yafike nusu ya kimo cha vibakuli, aoke kwa digrii 160 muda wa dakika 30 hadi 40. Asiye na tanuri asihuzunike. Atwae sufuria pana, atandike kitambaa chini ili vibakuli visigonge chuma, avipange, atie maji ya moto mpaka nusu ya kimo chake. Kila kibakuli akifunike kwa kipande cha jani la mgomba kilichopitishwa motoni, ili jasho la kifuniko lisidondokee chakula. Kisha afunike sufuria, aiweke juu ya makaa machache. Maji yatetemeke tu, yasitokote. Baada ya dakika 20 aanze kutazama. Kisu kikichomwa katikati kikatoka safi, kastadi imeiva.

Chakula cha pili ni cha mboga na yai, nacho ni kizuri kwa mtu anayerudi kazini amechoka, au kwa mwalimu akaaye peke yake, ambaye mara nyingi husema, "Kwa mtu mmoja nipike nini?" akalala kwa chai na mkate. Pakeni kibakuli samli. Tieni mchicha uliopikwa na kukamuliwa maji, vijiko 2 au 3, na nyanya iliyokaangwa na kitunguu. Fanyeni shimo katikati, pasueni yai moja humo, nyunyizeni chumvi, na juu yake tieni kijiko cha malai au cha tui zito la nazi. Pikeni katika maji kama kastadi, muda wa dakika 15 au zaidi kidogo. Kama mlaji ni mtoto, au mgonjwa, au mama mjamzito, hakikisheni kiini nacho kimekuwa kigumu.

Kwa njia hiyo hiyo mwaweza kutumia kiazi kitamu kilichopondwa, au wali wa mchana uliohifadhiwa vizuri pamoja na vipande vya samaki asiye na miiba. Changanyeni na yai moja na maziwa kidogo, mwoke mpaka ishikane. Mabaki yaliyokuwa hayamtoshi yeyote katika sinia huwa chakula kamili katika kibakuli.

Nina maonyo manne. La kwanza, mtoto asiyetimiza miezi 6 hahitaji vyakula hivi. Maziwa ya mama yamtosha. La pili, vyakula vya mayai na maziwa huharibika upesi, basi asiye na friji apike vya siku hiyo tu. La tatu, msitoe kibakuli cha kioo au cha udongo kwenye moto na kukiweka juu ya jiwe lenye maji baridi, maana kitapasuka. La nne, kibakuli kikitoka motoni kina joto kali kuliko kinavyoonekana. Kipoeni kabla ya kumpa mtoto.

Ama habari ya gharama, hapana haja ya kununua vyombo vya fahari. Vikombe vya bati visivyo na kutu, au vibakuli vya mfinyanzi visivyovuja, vyatosha. Nyumba yenye vibakuli 3 yaweza kumtunza mtoto, mzee na mgonjwa kwa jioni moja, na wengine wakaendelea na sinia yao.

Nilipopita tena nyumbani kwa yule mwalimu, nilimwona mtoto yule ameketi mahali pake pale pale, bega kwa bega na ndugu zake, kibakuli chake mbele ya magoti. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kunawa; yeye alikuwa bado anakula, polepole kama desturi yake. Hapakuwa na mkono wa kumwahi. Mama yake alikitazama kibakuli, naye alijua kwa hakika jinsi mwanawe alivyokula siku ile.

Basi, akina mama na walimu, leo jioni mkiketi kula, mtazameni aliye mpole kuliko wote. Hesabuni matonge yake. Mkiona ni machache, mwajua la kufanya.