Kharumwa: Mji wa Mteremko

Kharumwa ni mji mdogo ulioko kusini mwa Ziwa Viktoria. Ndio makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Geita mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoundwa. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa katika Mkoa wa Mwanza.

Anayetaka kuielewa nchi hii hana budi kuutazama mteremko wake. Juu, matale yakimomonyoka hutoa mchanga mwepesi uitwao luseni kwa Kisukuma, nao hufaa kwa mihogo na karanga. Chini yake ni itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji kwa urahisi. Kwa sababu ya ugumu huohuo hujengwa hapo majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi uvimbao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Maji ya mvua ndiyo yachukuayo chembe laini kutoka juu na kuzilaza chini. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliuita mfuatano wa namna hii "katena", yaani mnyororo, na neno hilo sasa limeenea duniani. Wakulima wa Usukuma, bila shaka, walikuwa na majina yao kabla yake.

Zamani sehemu kubwa ya Geita ilikuwa pori la mbung'o. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulihimiza watu kuhamia huko. Wakaja na ng'ombe wao na kilimo cha pamba.

Lakini si miamba yote ni matale. Katikati yake imepita mikanda ya miamba ya volkeno yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake mna mishipa ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, upande wa Shinyanga, ulianza kuzalisha mwaka 2001. Wachimbaji wadogo wa ukanda huu husaga mawe kwa karasha, huosha unga mwaloni, kisha huukanda kwa zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu. Donge lipatikanalo huchomwa. Zebaki hutoka kama mvuke wenye sumu, na nyingine hubaki katika marudio.

Hapo ndipo mnyororo ule unaporejea. Maji yaliyoshusha udongo yaweza pia kushusha zebaki. Katika tope lililofunikwa na maji, lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu kali zaidi ya neva, na jaruba ni tope la namna hiyo hasa. Katika jimbo la Guizhou, nchini China, uchunguzi karibu na machimbo ya zebaki ulionyesha kwamba wakazi waliipata sumu hiyo hasa kwa kula wali, wala si samaki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupozea, huweza kuunasa mvuke wakati wa kuchoma. Marudio huhitaji bwawa lisilovuja, mbali na mkondo wa maji. Wanafunzi wa jiografia waweza kuchora mkato wa mteremko ulio karibu na shule yao, kuanzia kilimani hadi mbugani, na kutia alama mahali pa mwalo, pa kisima na pa jaruba la kwanza.