Walioichoma Maktaba ya Jaffna Walikusudia Nini?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Je, watu wakichomewa daftari zao, husalia na nini? Swali hilo liliwafika Watamil wa mji wa Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni, 1981.

Maktaba yao ilianza kwa unyonge. Mwaka 1933 mwananchi mmoja, K. M. Chellappah, alianza kuazimisha vitabu nyumbani kwake. Wenzake wakaunga mkono, michango ikakusanywa, na mwaka 1959 likafunguliwa jengo la fahari. Kufikia 1981 lilihifadhi vitabu na miswada ipatayo 97,000.

Tarehe 31 Mei, katika kampeni za uchaguzi, polisi wawili waliuawa kwa risasi penye mkutano wa hadhara wa chama cha Watamil. Uovu huo ulistahili upelelezi na mahakama. Badala yake, polisi na wahuni walioandamana nao waliutia mji moto: maduka, ofisi ya chama, mitambo ya gazeti la Eelanadu, na hatimaye maktaba.

Hebu tafakari, msomaji. Maktaba haina bunduki, mbona ikaogopwa? Sheria ya mwaka 1956 ilikuwa imekifanya Kisinhala kuwa lugha pekee ya serikali, na Watamil wengi wakafungiwa milango ya kazi. Katika miaka ya 1970 vijana wao wakatakiwa kupata alama nyingi kuliko wenzao Wasinhala ili kusomea fani kama udaktari na uhandisi. Kwa familia za Jaffna, elimu ndiyo iliyokuwa ngazi iliyosalia. Aliyeichoma maktaba aliikata ngazi hiyo, na akawaambia wenye mji kwamba hata jana yao si yao.

Kitabu cha chapa huweza kununuliwa tena. Lakini humo mlikuwamo pia miswada ya kale, iliyochorwa kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mti wa jamii ya mvumo. Mswada wenye nakala moja ukiungua, aliyeuandika hufa mara ya pili.

Jengo lilikarabatiwa, likaharibiwa tena katika vita vilivyoanza 1983, kisha likajengwa upya na kufunguliwa katika miaka ya 2000. Mwaka 2016 Waziri Mkuu Ranil Wickremesinghe aliomba radhi Bungeni. Radhi ni jambo la kiungwana, lakini hairudishi jani lililokuwa majivu.

Basi nawe, mzazi, yaliyomo kichwani mwa bibi na katika sanduku la babu yaandikwe, tena yanakiliwe, wangali hai. Nakala moja ni mateka wa njiti moja ya kibiriti.