Gari Haliwaki: Maneno ya Kutafuta Kasoro ya Gari

Mfasiri aliyepewa kitabu cha maelekezo ya gari hupita salama katika sura nyingi. Kubadilisha gurudumu, kupima upepo, kusafisha vioo: mambo hayo yana maneno yake, na maneno hayo hayana ugomvi. Sura imtoayo jasho ni ile ya dereva aliyezungusha ufunguo na gari lisiwake. Hapo Kiswahili cha gereji kina maneno tele, lakini mara nyingi neno moja hubebeshwa mizigo mitatu au minne, na mwandishi asipolipambanua huweza kumtia msomaji wake hasara ya fedha, na pengine ya macho.

Tuanze na sentensi yenyewe, "gari haliwaki". (Wengi husema "gari haiwaki", mazungumzo na yaachwe yalivyo, ila maandishi ya ofisi hayana udhuru wa kusahau ngeli ya gari.) Sentensi hii hueleza hali mbili zisizofanana hata kidogo. Katika hali ya kwanza dereva huzungusha ufunguo na injini haisogei kabisa, au husogea kwa kujivuta kama mgonjwa. Katika hali ya pili stata huizungusha injini kwa nguvu zake zote, ila injini haishiki yenyewe. Hali ya kwanza ni shauri la umeme wa kuzungushia: betri, nyaya zake, swichi na stata. Hali ya pili ni shauri la petroli, hewa, cheche na mgandamizo ndani ya silinda. Fundi aliyeitwa kwa simu na kuambiwa tu kwamba gari haliwaki hajui abebe kipima umeme au dumu la petroli. Hatuna haja ya kubuni istilahi hapa. Tuandike "injini haizunguki" kwa hali ya kwanza, na "injini inazunguka lakini haiwaki" kwa hali ya pili. Nusu ya kazi ya kutafuta kasoro huwa imekwisha.

Neno stata halina mashaka, ingawa wapo wanaoita chombo hicho selfu. Kabla ya stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering mwaka 1911 na kuanza kufungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, injini ilizungushwa kwa mkono. Nasi kama tulivyosema "kupiga hendeli", ndivyo tusemavyo leo "kupiga stata". Kitenzi hicho kimeota mizizi, kisibadilishwe na "kuanzisha stata", ambayo ni tafsiri ya mezani.

Neno lenye taabu kubwa ni "moto". Sikiliza mazungumzo ya gereji kwa nusu saa tu: betri haina moto, plagi haitoi moto, gari limekata moto, zima moto kabla ya kushuka. Katika tungo ya kwanza moto ni umeme uliohifadhiwa, katika ya pili ni cheche, na katika mbili za mwisho ni mwendo wa injini. Wasemaji wanaelewana kwa sababu wamesimama mbele ya boneti iliyo wazi, na kidole kinaonyesha. Msomaji wa kitabu hana kidole cha kumwonyesha. Kwa hiyo katika maandishi yafaa betri iwe na chaji, plagi itoe cheche, na injini izimike. Simaanishi kwamba moto ni neno baya. Nasema kwamba lina kazi nyingi mno kuliko uwezo wa ukurasa.

Hali kadhalika "betri imekufa". Betri iliyoachiwa taa usiku kucha haikufa. Imeishiwa chaji, nayo huweza kuchajiwa ikafanya kazi tena. Betri iliyokufa ni ile ambayo hata ikichajiwa haihifadhi kitu. Tofauti hii hupimika. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 au chini yake, chaji imekwisha au imekaribia kwisha. Stata inapopigwa kipimo hushuka, lakini betri nzima haitarajiwi kuporomoka sana chini ya volti 10. Injini ikiisha kuwaka, kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 kwa kuwa alteneta sasa inaichaji. Kisipopanda, kosa huenda si la betri hata kidogo. Watumishi wanaojaza fomu za matengenezo ya magari wanaombwa waliangalie jambo hili kwa makini: maneno "betri imekufa" katika fomu ni ombi la kununua betri mpya, na alteneta mbovu itaimaliza hiyo mpya kama ilivyoimaliza ya kwanza.

Pengine betri ni nzima na inayo chaji, ila vichwa vyake vimefunikwa na unga mweupe au wa kijani. Mafundi huuita kutu. Walimu wa kemia watapinga, na wana haki, kwani risasi haishiki kutu kama chuma. Unga huo ni chumvi itokanayo na asidi ya betri kushambulia madini. Napendekeza "chumvi ya betri", maana jina hilo humkumbusha msomaji kwamba asishike kwa mikono mitupu. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, nyaya zikiwa zimefunguliwa na vifuniko vya betri vimefungwa.

Sasa tufike kwenye kosa la hatari zaidi. Mafundi huuita "ethi" ule unganisho wa upande wa hasi wa betri na bodi la gari. Neno hilo linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ardhi, na mfasiri mwenye bidii kuliko uangalifu huandika "unganisha waya na ardhi". Gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Waya ukiguswa udongoni hauna kazi yoyote. Ubaya huzidi katika maelezo ya kubusti betri kwa gari la pili. Utaratibu ni kufunga waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyoishiwa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Halafu waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililoshindwa kuwaka, mbali na betri. Umbali huo una sababu. Betri huweza kutoa gesi ya haidrojeni, na unganisho la mwisho ndilo hutoa cheche. Vikikutana juu ya betri, betri hupasuka na kurusha asidi. Dereva aliyeambiwa "ardhi" ataujaribu udongo, ataona haufai, kisha atakwenda pale anapopaona panafaa, yaani kwenye hasi ya betri yenyewe. Basi tuandike "chuma cha injini" au "bodi la gari", kwa kadiri ya mahali panapohusika.

Na "mafuta"? Neno hili hutaja petroli, dizeli na oili ya injini bila kubagua. Taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili ikifasiriwa "mafuta yamepungua", dereva ataenda kituoni kujaza tangi, naye ataendelea na safari huku injini ikijisaga. Petroli iitwe petroli, dizeli iitwe dizeli, na oili iitwe oili.

Kuna upande mmoja ambao lugha yetu haina haja ya kukopa, nao ni sauti. Fundi humwuliza dereva: lilifanyaje ulipopiga stata? Naye hujibu kwa tanakali. "Ta!" mara moja, na taa zikabaki na mwanga wake: hapo hushukiwa stata yenyewe au swichi yake ya sumaku. "Ta-ta-ta-ta" ya haraka, na taa zikafifia: betri imeishiwa, au vichwa vyake havishiki. Kimya kitupu huelekeza kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo au, kwa gari lenye gia za kujibadilisha, gia isiyowekwa mahali pa kuegesha wala pa huru. Vitabu vyetu vya ufundi huona haya kuandika sauti hizi, vikajaza badala yake maneno kama "mlio usio wa kawaida", ambayo hayamwambii mtu kitu. Ziandikwe kama zinavyosikika.

Kuhusu tendo zima la kubaini ugonjwa wa gari, wapo waliopendekeza "kuagua". Ni neno zuri na lenye heshima, ila lina harufu ya ramli, na fundi hapigi ramli, hupima. "Kupima" nako ni hatua mojawapo tu. "Kutafuta kasoro" ndiyo tungo inayotosha, na kila mtu anaielewa.

Jambo la mwisho ni umri wa orodha zetu. Bado zinampa kabureta kiti cha mbele, hali magari mengi ya petroli ya miongo ya karibuni hupuliziwa petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na ufunguo wake huwa na chipu ambayo isipotambuliwa injini huzunguka bila kuwaka, japo petroli na plagi ni salama. Tena "plagi" yenyewe imekuwa na sura mbili. Plagi ya petroli hutoa cheche. Injini ya dizeli haina cheche, huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na plagi zake, pale zilipo, ni za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha. Mwalimu akimwambia mwanafunzi achunguze cheche kwenye plagi za dizeli, mwanafunzi atazifungua zote, hataona cheche, na ataandika kwamba zote ni mbovu. Kwa hiyo orodha iseme "plagi ya cheche" na "plagi ya joto", kila moja kwa jina lake.