Hatari, Dharura na Amri ya Kutotoka Nje

Maneno hatari na dharura asili yake ni Kiarabu, na katika mazungumzo ya kila siku hupokezana bila madhara. Lakini katika sheria za Kenya kila moja lina mahali pake, na mwenye kuyachanganya aweza kumpotosha raia katika haki zake. Yafaa basi tuyatenganishe.

Kwanza ni hali ya hatari. Kwa kifungu cha 58 cha Katiba ya mwaka 2010, hutangazwa nchi inapotishwa na vita, uvamizi, maasi, machafuko au maafa. Tangazo halidumu zaidi ya siku 14, ila Bunge la Taifa likilirefusha, nalo halilirefushi kupita miezi 2 kwa mara moja. Mara ya kwanza zatakiwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Baadaye, robo tatu. Mahakama ya Juu nayo yaweza kuamua kama tangazo ni halali.

Pili ni amri ya kutotoka nje, ambayo wengi huiita kafyu. Hii yatokana na sheria ya kulinda utulivu wa umma, wala haingoji hali ya hatari itangazwe. Waziri, kwa ushauri wa mkuu wa polisi, hutaja eneo na saa, na mwenye kibali cha maandishi huruhusiwa kutoka. Amri ya zaidi ya saa 10 mfululizo za mchana haipiti siku 3. Ya saa chache zaidi za mchana haipiti siku 7. Kipimo, basi, ni saa za mchana. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, amri ya usiku iliwekwa Lamu ikarefushwa tena na tena. Wavuvi wa usiku walikosa riziki yao, ilhali hali ya hatari haikutangazwa.

Tatu ni matumizi ya dharura. Kutuliza ghasia huhitaji fedha ambazo pengine bajeti haikuziwaza. Kifungu cha 208 kimeweka Mfuko wa Dharura kwa haja ya haraka isiyotazamiwa. Kwa kifungu cha 223, Serikali yaweza kutumia kwanza, kisha iombe idhini ya Bunge katika miezi 2 tangu fedha za kwanza kutolewa. Nazo zisizidi asilimia 10 ya zilizoidhinishwa mwaka huo, isipokuwa Bunge limekubali zaidi.

Hapo ndipo tofauti ionekanapo. Hali ya hatari na fedha za dharura hurudi mbele ya Bunge kwa muda uliowekwa. Lakini amri ya kumfungia mtu nyumbani huanza kwa saini ya Waziri. Kwa hiyo mtangazaji au mfasiri aiitaye kafyu "hali ya hatari" hakosei neno tu. Humfanya msikilizaji adhani kwamba wabunge wamekwisha kuulizwa, kumbe hawakuulizwa.