Kiti cha Shilingi 1,200: Safari ya Kazini Inakugharimu Nini?

Jioni pale Kariakoo utawaona watu wakiligombania daladala linaloingia, wakati abiria waliomo bado wanashuka. Mwingine hagombanii kitu, amekaa dirishani ametulia. Huyo alilipandia vituo vitatu nyuma, akalipa nauli ya kwenda asikokwenda, ili ageuke nalo. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Anayegeuza analipa 1,200.

Waliosimama wanamwona mfujaji. Mimi namwona mtu aliyepiga hesabu: saa nzima ya kusimama huku kwapa la mwenzako likiwa usoni ina bei yake, naye ameamua kuilipa kwa fedha badala ya mgongo. Wengi wetu tunalinganisha nauli na nauli, tukisahau miguu, usingizi, na hasira tunayoingia nayo nyumbani.

Basi tulinganishe kwa ukamilifu. Chukua mkazi wa Dar es Salaam anayeishi takriban kilomita 10 kutoka kazini, anayekwenda na kurudi siku 24 kwa mwezi.

Daladala. Kwa gari moja, mwezi ni shilingi 28,800. Ukigeuza jioni tu, ongeza 14,400, ifike 43,200. Ukilazimika kuunganisha magari mawili, hata yakiwa ya umbali mfupi, ni 57,600. Kinachouma zaidi ya bei ni kutojua: leo utasubiri dakika tano, kesho hamsini. Mwenye bosi mkali huamka saa kumi alfajiri kwa hofu tu, na usingizi huo haurudishwi.

Mwendokasi. Mabasi haya yalianza Mei 2016 katika barabara ya Morogoro, nauli ya njia kuu ikiwa shilingi 650. Imepanda tangu hapo, kwa hiyo tuweke 1,000 kwa safari ili tusijidanganye: mwezi ni 48,000. Yana njia yake, hivyo yanaipita foleni ya magari. Saa moja asubuhi, hata hivyo, foleni hiyo unaikuta kituoni. Mlango ukifunguka hupandi, unapandishwa. Anayefaidi ni yule anayeweza kuchagua saa: akitoka mapema au akichelewa kidogo, hupata pa kushika na pengine pa kukaa.

Bodaboda. Bei ni maelewano. Mkipatana 3,000 kwa safari, mwezi ni 144,000. Inakutoa mlangoni hadi mlangoni, na mzazi anayewahi kumchukua mtoto anaijua thamani hiyo. Lakini mwili wako ndio bampa. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kabla ya kuuliza bei, uliza kofia. Na mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwenye pikipiki moja, hata kwa nusu bei, ni hasara.

Gari lako. Kilomita 480 kwa mwezi, gari likienda kilomita 10 kwa lita moja katika foleni, ni lita 48. Kwa mfano wa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, unapata 144,000, sawasawa na boda, kabla hujagusa maegesho, matairi, oili, bima na fundi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa hiyo rudia hesabu hii kila zinapobadilika. Umenunua kiyoyozi na redio, ila barabara hukuinunua: unakaa foleni ileile, mguu kwenye breki. Ukimbeba jirani mkagawana mafuta, kila mmoja anabaki na 72,000 na mtu wa kuzungumza naye.

Miguu. Kilomita 10 ni nyingi kwa jua la Dar. Lakini kilomita moja na nusu ya mwisho ni kama dakika 20. Ukiitembea asubuhi na jioni, siku tano zinakupa dakika 200, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wapo wanaolipia gym ili watembee juu ya mashine, baada ya kulipa boda iwavushe mitaa miwili. Tatizo letu ni njia: mara nyingi ya waenda kwa miguu imeishia kwenye mtaro au meza ya mitumba. Chagua mtaa wa ndani, hata ukizunguka kidogo.

Na muda je? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha West of England, waliochambua taarifa za waajiriwa zaidi ya 26,000 nchini Uingereza, walieleza kuwa dakika 20 za ziada za safari kwa siku hushusha kuridhika na kazi kwa kiasi sawa na kukatwa asilimia 19 ya mshahara. Dar si Uingereza, lakini mchoko hauhitaji mkalimani.

Uamuzi wangu ni huu. Kama unaishi karibu na njia ya mwendokasi na unaweza kuchagua saa zako, panda basi hilo, ushuke kituo kimoja kabla, umalizie kwa miguu. Kama huna ila daladala, geuza jioni bila aibu: shilingi 14,400 kwa mwezi ni ndogo kuliko dawa za mgongo. Boda iwe ya dharura au ya kufika kituoni, na gari lisitoke na mtu mmoja. Na wewe mwajiri unayesoma haya: kumruhusu mfanyakazi aingie saa tatu badala ya saa mbili hakukugharimu hata senti.