Raba za kukwea mawe Kakamega: tazama soli kabla ya bei

Mzazi wa Pwani mwenye mtoto Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, huenda akaijua simu hii: "Mama, nitumie hela ya raba, tunaenda kupanda mlima." Hela inatumwa, kijana anarudi na raba nyeupe za barabarani, soli nene kama godoro. Jumamosi yuko juu ya jiwe lililolowa, na mguu hauna pa kushika.

Kutoka Shieywe mahali pa kupanda si mbali. Kusini, kando ya barabara ya Kisumu, liko Jiwe Linalolia la Ilesi. Mashariki kuna Msitu wa Kakamega na kilima chake cha Lirhanda. Njia ya Lirhanda imekanyagwa miaka mingi, haina shida kubwa. Shida huanza kijana anapoacha njia na kukwea mawe kwa mikono na miguu. (Jiwe la Ilesi lina heshima yake kwa wenyeji. Aombe ruhusa kwanza.)

Sisi tumelelewa na mawe ya matumbawe. Yanakata, lakini yanashika hata champali. Kule mawe ni ya graniti, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hasa alasiri, kwa hivyo penye maji huota utando wa kijani. Aliyekanyaga mwani juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa anajua nasema nini.

Wengi hudhani meno marefu ya soli ndiyo dawa. Meno ni ya matope. Kwenye udongo wa msituni, meno ya milimita tano yaliyoachana huuma ardhi na tope hudondoka. Juu ya jiwe kinachoshika ni mpira wenyewe, na unatakiwa mpira mwingi ugusane na jiwe. Meno marefu hugusa kwa ncha tu, kisha yanapinda, ndiyo maana mwenye daruga huteleza kwenye sakafu ya saruji. Kwa safari yenye tope na mawe, tafuta meno ya milimita tatu au nne, na chini ya vidole pawe tambarare, maana hapo ndipo unaposimamia jiwe. Bonyeza kwa ukucha: mpira laini hubonyea kidogo, ule mgumu unaong'aa kama plastiki uuache dukani. Mpira laini huisha upesi kwenye lami, basi raba hizo zisiende darasani.

Soli isiwe nene mno, kwani mguu ulioinuliwa hutegua kifundo kwa urahisi. Kisokote kiatu kama unayekamua nguo: kikisokotwa kama kitambaa hakitasimama kwenye ukingo mdogo wa jiwe, kikiwa ubao hutahisi unachokanyaga.

Kisigino kisichomoke ukitembea, lakini mbele pabaki nafasi, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kwa kuteremka. Jaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa. Viatu vinavyosifiwa kuwa havipitishi maji visikuvutie, maana maji yakiingia kwa juu hayatoki.

Kongowea kuna majina makubwa kwa bei ya huruma, na mimi si wa kudharau mitumba. Lakini joto na unyevu hula gundi na sponji. Bonyeza sponji pembeni. Ukiona nyufa au unga unadondoka, soli itabanduka, na itachagua kubanduka ukiwa juu. Wala usimpe fundi akutilie soli ya tairi. Hiyo hudumu sana barabarani, ila kwenye jiwe lililolowa ni ngumu mno.

Na utando wa kijani uliolowa hakuna mpira wa kuutegemea. Kijana aondoke asubuhi mawe yakiwa makavu, na mawingu yakianza kukusanyika mchana awe tayari anateremka, kwa sababu jiwe lililolowa ni gumu zaidi kuliteremka kuliko kulipanda.